Laini Iliyoshikwa

Inspekta alinyanyua mkono wa simu, akauweka sikioni, akasubiri mlio.

Haukuja.

"Si nilikwambia, afande," alisema kijana aliyekuwa kwenye kochi, mguu juu ya goti, miwani ya jua kichwani. "Hiyo ilishakufa. Mama mkubwa alikuwa amebaki kuifuta vumbi tu."

Inspekta alikuwa ameinama juu ya meza ya kona, pale simu nyeusi ya kuzungusha namba ilipokalishwa juu ya kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Maana kuna kufa na kufa. Simu iliyokufa haina kitu ndani, ni sawa na kuweka sikio kwenye tofali. Hii ilikuwa na kitu. Ilikuwa na nafasi, kama mtu amefungua mlango wa chumba kikubwa halafu akanyamaza.

"Halo?" alisema.

Kimya. Halafu, mbali kabisa, tone la maji. Kikapita kimya kingine, tone la pili.

Akaurudisha mkono mahali pake, taratibu, akageuka kuitazama sebule.

Nyumba ilikuwa safi mpaka inatia huruma. Kikombe kimoja kimefunikwa kwenye sinki. Sahani moja. Kiti kimoja tu chenye mto, na kile kiti kilikuwa kimegeuzwa kuitazama simu, si televisheni. Mwenye nyumba mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Namba. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kituo cha simu, opereta, kichwani ana namba za mji mzima: za daktari, za mochwari, za mwanaume uliyemkimbia. Sasa ni mjane, ana binti mmoja anayeishi nchi nyingine, na huyu kijana hapa, mtoto wa marehemu mdogo wake, anayelala chumba cha uani. Mtaani wanamwita Bosi, kwa sababu hajawahi kuajiriwa na mtu.

Tangu juzi Mama Namba hajaonekana.

"Nirudie tena," Inspekta alisema. "Juzi uliondoka hapa saa ngapi?"

"Asubuhi. Mimi mtu wa kutoka asubuhi."

"Ukarudi?"

"Usiku. Nikakuta kimya. Nikajua amelala. Kucha, naona meseji yake: amekwenda kumwona rafiki yake mji wa pili, amefika salama, tusiwe na wasiwasi. Sasa mimi niwe na wasiwasi wa nini na mwenyewe kasema nisiwe nao?"

"Mchana kutwa hukuingia humu ndani."

"Hata kunywa maji."

"Na funguo?"

"Mbili. Yake na hii." Akautikisa ufunguo kidoleni. "Mama mkubwa hamwachii mtu ufunguo. Hata jirani akija kuomba chumvi, anapokelea dirishani."

Alisema kwa kujiamini, na alisema yote bila kuulizwa mara mbili. Inspekta akayaweka kichwani yalivyo.

Simu yake ya mkononi ikatetemeka mfukoni. Alikuwa binti wa Mama Namba, yule yule aliyetoa taarifa polisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Dada, kuna chochote?"

"Bado, dada yangu. Niambie tena habari ya meseji."

"Mama haandiki meseji. Hajawahi. Anasema meseji ni kuongea na mtu aliyekupa kisogo. Ile simu ya mkononi nilimnunulia mimi, akaiweka kwenye chaja kama taa ya ukumbini. Hatembei nayo. Akitaka kusema kitu anapiga simu ya mezani."

"Na wewe ukimpigia?"

"Mezani, kila siku. Ila tangu juzi nikipiga inaongea. Inaongea mchana, inaongea usiku. Nikamuuliza huyo kaka yangu, akaniambia imeharibika."

Inspekta akaitazama simu nyeusi. Mkono wake ulikuwa umekaa vizuri kabisa kwenye kitako. Yeye mwenyewe alikuwa ameukuta hivyo hivyo alipoingia.

"Inaongea," alirudia. "Sio kwamba haiiti. Inatoa ule mlio wa kuwa na mtu."

"Ndiyo. Kama mama anaongea na mtu asiyemaliza."

Alipokata, Koplo akaingia, anahema, amebeba karatasi kutoka kampuni ya simu na furaha usoni. Koplo alikuwa kijana wa mjini, mwenye imani kubwa na vitu vyenye betri.

"Afande, kesi imelainika. Safari ya simu ya bibi tumeipata." Akaitandaza karatasi juu ya meza. "Simu ya mkononi ikiwaka haikai kimya hata kama huongei. Muda wote inajitambulisha kwa mnara ulio karibu: nipo hapa, nipo hapa. Ukisogea, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine. Ndiyo maana unaongea ndani ya basi na simu haikatiki. Sasa hii, juzi alasiri, iko mnara wa mtaa huu. Halafu mnara wa stendi. Halafu wa njia panda, wa darajani, mpaka mji wa pili. Huko ndiko ilikotuma meseji, halafu ikazimwa. Bibi wa watu amesafiri."

"Si nilisema?" Bosi akatanua mikono.

"Mnara umesema simu imesafiri," Inspekta alisema. "Mnara haumjui aliyeishika."

"Lakini afande, nani mwingine..."

"Waulize wenzetu wa huko. Wakague basi, wamuulize utingo. Na uweke askari hapa, akae na huyu bwana. Nyumba isiguswe. Simu hii hasa isiguswe."

"Mbovu hiyo," Bosi alisema, akicheka kidogo.

"Basi haitakusumbua."

*

Kituo cha simu kilikuwa jengo la ghorofa moja nyuma ya posta ya zamani, madirisha marefu, rangi imebabuka. Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye koti la bluu na bisibisi mfukoni. Alijitambulisha kama Fundi tu, maana hakukuwa na fundi mwingine wa kuchanganywa naye.

"Mmekuja siku ya mazishi," alisema. "Saa kumi na moja jioni nazima. Wakubwa wameamua. Watu wote wako kwenye simu za mkononi, huu mtambo unakula umeme bure."

Wakaingia ukumbini. Makabati ya chuma yalisimama safu kwa safu mpaka gizani, na ndani yake swichi, maelfu, zimepangana kama mizinga ya nyuki iliyohamwa. Hatua zao zilirudi kutoka ukuta wa mbali.

"Zamani hapa ungenipigia kelele ndiyo nikusikie," Fundi alisema. "Mtu akizungusha namba nyumbani kwake, kila tarakimu inapandisha swichi moja na kuizungusha. Tatu: ta-ta-ta. Tisa: unasikia inapanda ngazi kabisa. Mji ukiamka asubuhi, ukumbi huu unanguruma kama mvua ya mabati. Ukitokea msiba wa mtu mkubwa, nilikuwa najua kabla ya redio. Na kabla ya hizi swichi, pale kwenye jukwaa walikaa akina mama na ubao wa matundu. Unanyanyua simu, taa inawaka, opereta anakuuliza unamtaka nani, anachomeka waya kwa mkono wake. Mama Namba alikuwa kiti cha mwisho, dirishani."

"Unamjua."

"Nimjue? Kila asubuhi ananipigia. 'Kituo, laini inapumua?' Namjibu, inapumua mama. Basi, anakata. Hana shida yoyote, anataka tu kusikia kwamba upande wa pili kuna mtu." Akapangusa vumbi kwenye swichi moja. "Jana na leo hakupiga. Nikajua amenuna kwa sababu tunafunga."

Inspekta akamweleza. Mkono uko kwenye kitako. Mlio hakuna. Wanaopiga kutoka nje wanaambiwa laini inatumika.

Fundi alisimama katikati ya njia. Halafu akageuka, akaelekea safu ya pembeni, haraka kuliko alivyoonekana kuweza. Juu ya kabati moja kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Ukumbi mzima, ni hiyo tu iliyokuwa inawaka.

"Nimeiona tangu juzi," alisema polepole. "Nikasema, ya nini kuhangaika na kitu kinachokwenda kuzimwa."

"Inasema nini?"

"Inasema laini imeshikwa." Akapangusa mikono kwenye koti. "Sikiliza, afande. Simu yako ya mkononi, mmoja wenu akibonyeza kukata, mazungumzo yamekwisha. Mtambo huu ni wa zamani, hauko hivyo. Aliyepiga ndiye mwenye simu. Aliyepigiwa anaweza kuweka chini, anaweza kwenda kuoga, akirudi akinyanyua anamkuta mwenzake palepale. Mpaka aliyepiga aweke mkono wake chini, hizi swichi haziachii."

"Kwa hiyo kuna mtu aliipigia nyumba ya Mama Namba juzi, na mpaka sasa hajakata."

"Ndiyo."

"Je, inaweza kushikwa bila simu kupokelewa?"

"Hapana. Ikiita bila kupokelewa kwa muda huu wote, mtambo ungeachia wenyewe, na kengele ya nyumbani ingekuwa inalia mpaka majirani wahame. Hii ilipokelewa."

Inspekta aliyasikia maneno ya Bosi kama yanasemwa upya: hata kunywa maji. Funguo mbili tu.

Kuna mtu alikuwa ndani ya ile nyumba juzi. Simu iliita, akapokea, akasikiliza, akaweka chini. Na kwa kuwa yeye ni mtoto wa simu za mkononi, alijua kabisa kwamba amekata.

"Unaweza kujua ilipigwa kutoka wapi?"

"Ikiwa bado imeshikwa, naweza kuifuata kinyumenyume. Swichi kwa swichi. Ikiachia, imepotea, mtambo huu hauna kumbukumbu." Akatazama saa ya ukutani. "Omba simu yangu isilie, wakubwa wasije wakaniharakisha kuzima."

Ikalia hapohapo. Fundi akaitoa mfukoni, akaitazama, akapokea. "Ndiyo mkuu. Ndiyo. Karibu nazima, mkuu. Hapana, hakuna tatizo, ni buibui tu." Akaizima kabisa, akaitupa kwenye sanduku la vifaa. "Miaka yote sijawahi kumdanganya mkubwa. Kumbe rahisi hivi."

Alianza na swichi ya mwisho, ile iliyokuwa imesimama juu kwenye ngazi ya namba ya Mama Namba wakati wenzake wote wamelala. Akafuata waya kwa kidole mpaka kabati la nyuma, akapanda kingazi, akachungulia, akashuka. Inspekta alimmulikia kwa tochi ya simu. Mara moja tu Fundi alisema, akiwa juu ya ngazi, "Siku hizi watu hawajui namba hata za mama zao. Zote ziko ndani ya simu. Wewe afande, kwa kichwa unajua ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Endelea na kazi, mzee wangu."

Simu ya Inspekta ikatetemeka. Koplo, na safari hii sauti imepoa. "Afande, utingo wamempata. Simu aliikuta imechomekwa katikati ya viti, akataka kujua ya nani, akaiwasha, ikaisha chaji. Hakumwona bibi. Anakumbuka kijana mwenye miwani ya jua, alipanda nao mpaka mji wa pili, akageuka na basi la kurudi."

"Miwani ya jua."

"Kama ile iliyoko kichwani kwa jamaa yetu."

"Chukua gari la wagonjwa. Simameni mwanzo wa barabara ya mlimani mpaka nikupigie."

"Mlimani kwa nini, afande?"

Kwa sababu Fundi alikuwa ameshuka ngazi na kusimama mbele ya ukuta wa waya ambapo kebo zote za mji ziliingilia. Alikuwa ameshika jozi moja, vidole viwili, kama anavyoshikwa kifaranga.

"Hapa ndipo inapotokea," alirudia. "Kebo ya mlimani. Zilibaki laini tatu tu kule, za nyumba za pampu ya maji. Pampu zenyewe zilifungwa zamani, na laini hakuna aliyekumbuka kuzikata."

"Ipi kati ya hizo tatu?"

Fundi alimulika kwa tochi yake. Kibandiko kilikuwa kimekauka, kimebaki gundi ya njano. "Wino umekwisha. Na pampu hizo ziko mbalimbali, afande, kila moja na njia yake, na njia zenyewe zimemezwa na nyasi. Ukikosea ya kwanza, giza linakukuta."

"Umeme kule upo?"

"Simu hii haihitaji umeme wa kule. Inakula betri za hapa, chini ya miguu yetu, kupitia waya huuhuu. Nikizima saa kumi na moja..."

Akatoa kisimu chake cha kupimia, akakibana kwenye jozi ile kwa koleo mbili ndogo, akasikiliza. Akampa Inspekta.

Tone la maji. Kimya. Tone. Na sasa, kwa kuwa hapa laini ilikuwa safi kuliko kule nyumbani, kitu kingine katikati: pumzi. Fupi, yenye mkwaruzo, inaenda na kusita.

"Mama Namba," Inspekta aliita. "Mama, ni polisi. Unanisikia? Uko pampu ipi?"

Pumzi ikaendelea palepale, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili.

Fundi naye akajaribu. "Mama, kituo hapa. Laini inapumua." Aliita mara nyingi, sauti ikaanza kumkauka. Akashusha kisimu. "Hatusikii sisi. Au amechoka kusikia watu ambao hawaji."

"Yuko mmoja ambaye mama bado anamsubiri," Inspekta alisema, tayari anaelekea mlangoni. "Alimpigia yeye. Usizime."

"Sizimi."

"Wakija?"

"Mlango huu ni wa chuma, afande. Na ufunguo ninao mimi."

*

Bosi alikuwa palepale kwenye kochi, askari mlangoni. Miwani ilikuwa kichwani.

Inspekta alivuta kile kiti cha mto, akakaa, akawa anaitazama simu na Bosi pamoja.

"Aliwahi kukwambia uhame?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama mkubwa wako."

Bosi akacheka. "Maneno ya wazee. Kila mwezi ananiambia nitafute pangu. Anataka kupangisha chumba, sijui kwa mwalimu gani. Mimi nimezoea."

"Juzi simu hii iliita."

"Mbovu hiyo."

"Iliita, ukapokea."

"Afande, nimekwambia sikuwepo. Mlete aliyeniona."

"Sina aliyekuona." Inspekta alisogea pembeni. "Nyanyua mkono huo."

"Wa nini?"

"Kama ni mbovu, hupotezi kitu."

Bosi aliinuka kwa madaha, akavuta suruali, akafika mezani. Akanyanyua mkono wa simu kwa vidole viwili, akauweka sikioni, uso wa mtu anayewafurahisha watoto. "Haya. Kimya. Mmeridhika?"

"Muite."

"Nimwite nani?"

"Muite kama unavyomuitaga siku zote."

"Mama mkubwa," alisema Bosi, kwa utani, akimtazama askari. Hakuna aliyecheka naye. Akarudia, na mara hii utani ulikuwa umepungua. "Mama mkubwa?"

Sebule nzima ilisikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, imetoka kwenye tundu za mkono wa simu kama kitu kinachokwaruza bati.

"Umerudi?"

Bosi aliusogeza mkono wa simu mbali na sikio, akawa hajui auweke chini au aushike.

"Nilijua utanyanyua tena," sauti ilisema. "Nimekuwa nakusubiri kwenye laini."

Inspekta aliupokea mkono ule kabla haujaanguka. "Mama, ni polisi. Niko na mwanao. Uko pampu ipi?"

Pumzi. Tone. "Ya bwawa dogo... ya mume wangu. Nilikwenda kufagia. Nikaanguka, nyonga, mwanangu. Simu iko ukutani, mkono unaning'inia, siwezi kusimama tena kuzungusha namba nyingine."

"Usiseme sana. Wanakuja."

"Usikate."

"Mama, mimi siwezi kukata. Ni wewe tu unayeweza."

Kukapita kitu kama kicheko. "Kumbe bado wapo wanaojua."

Inspekta akaibana simu ile kwa bega, akampigia Koplo kwa ile ya mkononi. Bwawa dogo. Pampu ya bwawa dogo, njia ya kushoto. Halafu akamtazama Bosi, aliyekuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kochi, miwani imeanguka.

"Sikumsukuma," alisema. "Sikumgusa hata. Alipiga akasema ameanguka, niende na watu. Nikasema sawa. Nikakaa. Nikafikiri, nikichelewa kidogo tu... Sikufanya kitu, afande. Nilikata simu tu."

"Hukukata," Inspekta alisema. "Uliweka chini."

Askari akamnyanyua, akamtoa nje. Hatua zao zikapotea uchochoroni, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Inspekta alikaa kwenye kiti cha mto na mkono wa simu sikioni. Mara nyingine bibi alisema kitu, mara nyingine alinyamaza. Aliuliza kama jua limefika kwenye pazia. Inspekta akamwambia limefika. Aliuliza kama kuna mtu amefunika kikombe. Kimefunikwa, mama. Alisema mumewe alikuwa akipiga kituoni kila jioni kutoa kipimo cha maji, na opereta alikuwa yeye, na walijuana sauti mwaka mzima kabla ya kuonana sura. Mtu mfupi, alisema. Kwenye simu alikuwa mrefu.

Saa kumi na moja ikapita. Laini ilikuwa bado inapumua.

Halafu ikasikika bati ikigongwa, mlango ukivunjwa, buti, sauti ya Koplo ikiita kwa mwangwi. "Afande, tumempata. Anaongea. Tunambeba sasa, ngoja nikurudishie simu mahali..."

"Mpe yeye," Inspekta alisema.

"Nani?"

"Mpe mkono wa simu. Mbebeni mpaka ukutani, aweke mwenyewe."

Kulikuwa na kukokotana, mtu kuguna kwa maumivu, na sauti kavu ikarudi karibu kabisa, safari hii ya kikazi, ya mtu aliyekaa sawasawa kwenye kiti chake dirishani.

"Asante kwa kusubiri," Mama Namba alisema. Na akakata.

Hapohapo mlio ukaja. Mlio mmoja, mrefu, usio na haraka, umejaa sikio zima. Inspekta alimtumia binti meseji: *Yuko hai. Nipigie kwenye hii ya mkononi.* Kisha akazima taa ya simu yake, akaiweka mfukoni, lakini ule mkono mweusi hakuuweka chini.

Kidole chake kilikwenda kwenye duara la namba. Ile moja aliyoijua kwa kichwa, ya nyumba iliyovunjwa zamani ili ipite barabara, namba aliyofundishwa akiwa mdogo ili asipotee. Akazungusha tarakimu ya kwanza. Kule ukumbini, safu ya nyuma, Fundi lazima aliisikia ikipanda. Ya pili. Ya tatu. Duara likirudi lilikuwa linakwaruza polepole, kama linampa nafasi ya kufikiri.

Tarakimu ya mwisho aliizungusha, akasubiri.

Haikuita. Upande wa pili wa mji Fundi, laini sasa ikiwa imeachiwa, alikuwa ameshusha swichi kuu, na sasa mkono wa simu ulikuwa tofali sikioni.